Maswali na Majibu: Kutoka Picha ya Safari Hadi Turubai

Barua nyingi za mara hii zinazunguka jambo moja. Mtu amesafiri, amerudi na simu iliyojaa picha, anataka kuzichora, na kazi haitoki kama alivyotarajia. Tumechagua maswali tisa. Majibu yetu yanahusu zaidi akriliki na rangi za mafuta. Anayetumia rangi za maji tumemtaja pale mambo yanapotofautiana.

Ndugu Mhariri, nimerudi safarini na picha zaidi ya 300 na nataka kutoa kazi nane za maonyesho. Kila picha naiona nzuri. Nianzie wapi?

Anza kwa kuzitazama zikiwa ndogo. Zipange kwenye simu kama vijipicha vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kisha weka alama zile zinazosomeka hata katika udogo huo. Picha inayosomeka ikiwa ndogo ina mpangilio imara wa mwanga na giza, na huo ndio utakaobeba turubai mtazamaji akiwa upande wa pili wa ukumbi. Picha 300 zitashuka kuwa 30 au 40. Zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, nyingine zitaanguka zenyewe: zilikuwa zinasimama kwa rangi tu.

Zilizobaki, zichoree michoro midogo. Mstatili wa sentimita 8 kwa 6, penseli ya 4B, toni tatu tu (nyeupe ya karatasi, kijivu, nyeusi), dakika tano kila mmoja. Dakika tano zikiisha na bado hujui umbo kubwa ni lipi, picha hiyo iache.

Tahadhari moja ambayo wengi hawapendi kuisikia: picha nzuri kupita zote mara nyingi ndiyo mbaya kuchora. Machweo mekundu yaliyokamilika hayakuachii uamuzi wowote. Unabaki kunakili, na nakala itashindwa na asili. Uchochoro mtupu, ukuta wenye kivuli kilichokatiza barabara, ngazi zisizo na mtu, hizo zina nafasi ya mchoraji kuingia.

Ili kazi nane zionekane ni ndugu, zichanganyie rangi kutoka tyubu zilezile. Tano zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), oka ya njano na nyekundu ya alizarini. Ongeza njano ya limau kama kuna majani mengi. Nyeusi ya tyubu usinunue. Altramarini na siena iliyochomwa zikikutana kwa kiasi kinachokaribia kulingana hutoa giza zito unaloweza kulivuta kuelekea baridi au joto upendavyo. Na usitumie vipimo zaidi ya viwili vya turubai.

Kwa nini vivuli vyangu vinakuwa mashimo meusi? Kwenye picha ni vyeusi kweli, nami nachora ninachokiona.

Tatizo liko kwenye ulichokiona: umekiona kwenye picha, si pale mahali. Jicho likihama kutoka ukuta uliopigwa na jua kwenda mlango wenye kivuli, mboni hupanuka na ubongo hurekebisha, hivyo unaona ndani ya kivuli bila taabu. Kamera hupima mwanga mara moja kwa fremu nzima. Ikipimia jua, kivuli kinazama. Ikipimia kivuli, anga linaungua na kuwa karatasi nyeupe. Simu za siku hizi huunganisha fremu kadhaa kuziba pengo hilo, na hapo huja kasoro nyingine: kila kitu kinakuwa cha toni ya kati, mwanga wa saa sita mchana unafanana na wa siku ya mawingu.

Kumbuka kivuli cha nje kinavyopata mwanga wake. Jua limezibwa, lakini anga lote bado linaangaza, na anga la siku ya jua ni la bluu. Kwa hiyo sehemu za kivuli zinazotazama juu huegemea bluu. Ardhi nayo hurudisha mwanga wake, hivyo sehemu zinazotazama chini, kama upande wa chini wa paa au baraza, hupata joto la rangi ya udongo. Kivuli kimoja cha ukuta mweupe kinaweza kuwa na rangi tatu, na picha ikakuonyesha kijivu kimoja.

Kwa ukuta mweupe wenye kivuli, anza na altramarini sehemu mbili, siena iliyochomwa sehemu moja na nyeupe sehemu sita. Huo ni mchanganyiko wa katikati ya ukuta. Ukikaribia ardhi, ongeza oka kidogo kidogo, ncha ya kisu kwa wakati mmoja. Ukipanda juu, punguza siena. Ukuta wa juani usiuache mweupe mtupu: nyeupe na chembe ya oka itaonekana yenye jua kuliko nyeupe ya tyubu, ambayo ni baridi.

Kisha pima toni. Kunja macho hadi maelezo madogo yapotee. Sehemu yenye giza zaidi katika eneo la jua bado iwe nyepesi kuliko sehemu nyepesi zaidi ya kivuli. Makundi haya mawili yakiingiliana, hisia ya jua hutoweka, na hakuna rangi kali itakayoirudisha. Wengi hapo huongeza njano, halafu wanashangaa kuona ukuta umechafuka.

Giza halisi litunze kwa sehemu ndogo: ufa wa mlango, chini ya jiwe, ndani ya dirisha. Likizidi sehemu moja ya kumi ya turubai, jiulize kama ni kivuli au ni kamera.

Nachanganya rangi nikiitazama simu, inalingana kabisa. Kesho yake haifanani. Nakosea wapi?

Kuna wahalifu wawili. Wa kwanza ni skrini: hujipandisha na kujishusha mwanga kulingana na chumba, na jioni nyingi hugeuka za njano zenyewe. Zima marekebisho yote mawili, weka mwanga kwenye kiwango kimoja, na uache hapo hadi kazi iishe. Wa pili ni akriliki yenyewe. Gundi yake ikiwa mbichi ni ya rangi ya maziwa, ikikauka huwa angavu kama kioo, hivyo rangi hukauka ikiwa nzito kidogo kuliko ulivyoipaka. Paka alama kwenye kipande cha karatasi, kaushia, linganisha, ndipo uende kwenye turubai. Rangi za maji hufanya kinyume: hukauka zikiwa nyepesi, kwa hiyo thubutu kuanza na toni nzito kuliko unavyoona inafaa.

Mlima uliokuwa umejaa machoni mwangu umekuwa kichuguu kwenye picha. Na majengo ya mjini yote yanaegemeana kama yamelewa. Nichore yalivyo?

Usichore yalivyo. Tuanze na mlima.

Lenzi kuu ya simu ni pana, sawa na ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya fremu kamili. Inakumbatia pembe ya nyuzi kama 65 hadi 74. Mlima unaochukua nyuzi 10 mbele yako utapata sehemu moja ya nane tu ya upana wa picha, na zilizobaki zitajazwa na anga, barabara na vichaka vya miguuni. Ulipokuwa pale, macho yako hayakuwa na habari na vichaka; yalikuwa mlimani. Kumbukumbu yako haijadanganya, imechagua.

Katika mchoro wa awali, kuza mlima mara 1.25 hadi 1.5 na ukate sehemu ya mbele. Kuza upana na urefu pamoja. Ukipandisha kilele peke yake, mlima unageuka jino. Kama dhamiri inakusumbua, linganisha picha zilizopigwa baadaye kutoka sehemu alizosimama mchoraji Mfaransa Paul Cézanne na michoro yake ya mlima Sainte-Victoire: mlima wa kwenye picha ni mdogo kuliko wake.

Ukiukuza, usiusogeze mbele kwa rangi. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga wa bluu, hivyo kadiri kitu kinavyokuwa mbali, giza lake hupauka kwanza, halafu joto la rangi hupotea. Kwa kila safu ya vilima inayorudi nyuma, chukua mchanganyiko wa safu ya mbele yake na uongeze nyeupe na altramarini kidogo. Kosa la kawaida ni kuweka kwenye mlima wa mbali kivuli kizito kama cha mti wa karibu, kwa sababu tu simu ilinoa mistari na kuongeza tofauti za mwanga.

Majengo yanaegemea kwa sababu simu iliinamishwa kutazama juu. Lenzi ikiinuka, mistari ya wima huanza kukutana angani. Nyoosha picha kwanza kwa zana ya kurekebisha mtazamo iliyomo kwenye programu ya picha. Zingatia kwamba pembe zitakatwa, kwa hiyo ulipaswa kuacha nafasi wakati wa kupiga. Hata baada ya hapo, chora kona kuu za majengo kwa rula ya pembe mraba kutoka ukingo wa chini wa turubai. Ukiwa chini ya mnara mrefu na hoja ya kazi yako ni kuinua shingo, yaache majengo yaegemee, lakini yaegemee sana. Kuegemea kidogo husomeka kama kosa.

Na mtu aliyesimama kwenye kona ya picha pana, usimchukue. Ukingo wa lenzi humvuta kichwa na mabega yakawa mapana. Chora aliye katikati.

Habari za kazi. Naomba vipimo vya kuhamisha picha hadi turubai kwa kuigawa miraba. Pia kutumia projekta ni udanganyifu?

Mara nyingi kinachoharibu ni umbo la turubai. Picha ya simu huwa na uwiano wa 4 kwa 3. Turubai ya sentimita 60 kwa 45 ina uwiano huohuo, hivyo chapisha picha kwa sentimita 20 kwa 15 na kila kitu kinakua mara tatu. Miraba ya sentimita 2.5 kwenye picha inakuwa ya sentimita 7.5 kwenye turubai: nane kwa sita, jumla 48. Upande mmoja andika herufi, mwingine namba, la sivyo utapotea katikati ya majani.

Turubai ya 50 kwa 40 ni 5 kwa 4. Hapo lazima ukate picha kwanza iwe sentimita 18.75 kwa 15, ndipo upige miraba ya 3.75 kwenye picha na ya 10 kwenye turubai, tano kwa nne. Anayeruka hatua hii hunyoosha kila kitu kwa upana au urefu bila kujua, na nyuso ndizo za kwanza kumsema.

Piga miraba kwa mkaa laini, upanguse kwa kitambaa baada ya kuchora. Penseli nzito hujitokeza chini ya anga jepesi, hata baada ya tabaka mbili za akriliki.

Projekta ni kifaa, kama rula. Iweke lenzi yake ielekee turubai moja kwa moja, kisha pima pande zinazotazamana za mstatili wa mwanga: juu na chini, kushoto na kulia. Zisipolingana, picha imekuwa trapeza. Kuhusu udanganyifu: mchoraji wa Uingereza Walter Sickert, katika uzee wake, alichora kutokana na picha za magazeti, na katika baadhi ya kazi hizo mistari ya miraba bado inaonekana. Hatari ya projekta ni nyingine. Inahamisha makosa ya lenzi kwa uaminifu mkubwa, na wewe unayaamini kwa sababu mstari umetoka sawasawa.

Nimeunganisha soko kutoka picha moja na watu kutoka nyingine. Watu wanaelea. Nimepima ukubwa mara tatu.

Ukubwa unaweza kuwa sahihi na upeo wa macho ukawa tofauti. Tafuta mstari wa upeo katika kila picha: fuata kingo mbili zinazorudi nyuma, kama za barabara au meza, hadi zikutane. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare ina upeo unaopita kwenye macho ya watu wazima wote waliosimama, wa karibu na wa mbali. Miguu yao ndiyo hupanda na kushuka kwenye picha. Vichwa hubaki kwenye mstari. Ikiwa watu wako walipigwa kutoka roshani, upeo wao uko juu ya vichwa na tunaona utosi wao. Ukiwashusha sokoni, wataelea milele. Tafuta picha nyingine.

Upeo ukikubaliana, angalia jua. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya ardhi, kivuli cha mtu kinalingana na urefu wake. Kwa nyuzi 30 ni mara 1.7, kwa nyuzi 15 ni karibu mara 3.7. Mtu wa saa kumi na moja jioni akiwekwa kwenye soko la adhuhuri, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini hatamwamini. Kilicho rahisi ni kufuta vivuli vyote vya watu na kuvichora upya kwa mwelekeo mmoja. Mahali mguu unapogusa ardhi weka mstari mwembamba wa giza kuliko kivuli chenyewe. Huo ndio msumari unaompigilia mtu chini.

Watu wananiambia kazi yangu "inafanana na picha", nami naona si sifa.

Hata sisi hatuoni ni sifa. Kitambuzi cha simu, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, kwa hiyo jiwe la miguuni na jani la mita mia vyote hutoka vikali. Jicho halifanyi hivyo. Sehemu yake inayoona kwa ukali kamili ni kama nyuzi mbili, sawa na upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kingo zote za turubai zikiwa kali kwa usawa, jicho halina pa kutua.

Chagua sehemu moja itakayobaki kali, isizidi robo ya turubai. Kwingineko zipoteze kingo: ukuta na anga vyenye toni moja viache viungane, majani yachore kama kundi. Kwa rangi ya mafuta pitisha brashi kavu na laini juu ya mpaka ungali mbichi. Akriliki nyembamba hukauka ndani ya dakika 10 hadi 20, hivyo weka toni mbili za kati kwenye mpaka, au changanya kichelewesha ukavu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Kikizidi, rangi hubaki inanata na vumbi linahamia humo.

Maji ni kesi ya peke yake. Picha ya kasi hugandisha kila tone, na mawimbi yaliyochorwa hivyo hufanana na vioo vilivyovunjika. Rekodi video ya sekunde kumi, itazame mara kadhaa, kisha chora mdundo unaojirudia.

Baada ya theluthi mbili za kazi, funga simu. Theluthi ya mwisho linganisha sehemu moja ya turubai na nyingine.

Je, naweza kuchora kutokana na picha niliyoikuta mtandaoni? Nitabadilisha rangi.

Kubadilisha rangi hakutoshi. Picha ina hakimiliki tangu inapopigwa, hata bila alama yoyote, na mchoro unaoifuata kwa karibu ni kazi iliyotokana nayo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya taasisi ya msanii Andy Warhol, kuhusu mchoro wa Warhol uliotokana na picha ya mwanamuziki Prince aliyoipiga Lynn Goldsmith mwaka 1981: mtindo mpya peke yake haukutosha kuhalalisha kulikodishia jarida mchoro huo. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini funzo la tahadhari linasafiri.

Mwandikie mpiga picha, utaje ukubwa wa kazi na kama utaiuza. Wengi hukubali, na barua yao itunze. Vinginevyo tafuta picha zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye picha huzitumia kuruhusu wengine mapema, na usome herufi. BY inadai utaje jina, NC inazuia biashara, ND inakataza kazi iliyotokana, yaani mchoro wako. CC0 iko huru. Picha yako mwenyewe bado ndiyo njia fupi. Kama ina mtu anayetambulika na hukumwomba, badilisha uso na mavazi.

Nina safari nyingine karibuni. Nifanye nini tofauti?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili tunalisema bila utani. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alikuwa Morocco mwaka 1832 kwa miezi michache, akajaza madaftari michoro ya haraka yenye majina ya rangi pembeni. Alichora kutokana na safari hiyo hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1863.

Beba daftari la A5, penseli ya 2B na karatasi nyeupe isiyo na mistari. Ukifika mahali, dakika mbili za kwanza usiguse simu. Andika saa, upande lilipo jua, na ulinganisho wa rangi tatu, kwa mfano "kivuli cha ukuta ni baridi kuliko anga" au "barabara ni nyepesi kuliko paa". Ulinganisho hukaa, neno "bluu" peke yake baada ya mwezi halitakuambia kitu.

Kisha piga fremu nne bila kuhama. Ya kwanza gusa anga kwenye skrini ili mwanga upimwe hapo, ya pili gusa kivuli, ya tatu vuta mara mbili kuelekea kitu kilichokusimamisha, ya nne elekeza ardhi ya miguuni, ambayo kila mtu huisahau na baadaye hubuni. Katika fremu moja zaidi weka karatasi nyeupe, nusu juani na nusu kivulini: ukirudi nyumbani itakuonyesha rangi ya mwanga wa saa ile na uzito wa kivuli chake. Mwisho piga picha ukurasa wa daftari papo hapo, ili maelezo yakae kwenye simu kando ya fremu zake.